Ukuta Uliopinda Vidole Vitatu

Mzee waliyemwita Timazi alikosa vitu vingi. Alikosa meno mawili ya mbele, yaliyong'olewa na kipande cha tofali zamani, alipokuwa bado anabeba zege kichwani. Alikosa kucha ya kidole gumba cha kushoto. Alikosa kiti chenye miguu minne iliyo sawa, maana mfinyanzi hulia gae, na mwashi naye hukalia kigoda kinachocheza. Alikosa mtoto wa kiume. Alikosa subira, na hilo alilijua, ila subira ya watu wengine alizoea kuiita uzembe. Kwa miezi miwili sasa alikosa kelele za wajukuu wawili uani kwake, na mjukuu wa tatu, aliyezaliwa ndani ya miezi hiyo, hakuwa amemwona hata ukope. Tena alikosa timazi yenyewe, ile iliyompa jina: kipande cha shaba kizito chenye ncha, kinachoning'inizwa kwa uzi ili kuonyesha kama ukuta umesimama au umelala. Alikuwa ameirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi.

Kitu kimoja hakukikosa. Katika ugomvi wake na mkwewe alikuwa na haki, na haki hiyo aliikumbatia kama mtu aliye juu ya ngazi anavyoikumbatia ngazi.

Jumatatu asubuhi alikuwa uani akikwangua saruji iliyogandia kwenye mwiko, pale binti yake, mtoto wake pekee, aliposukuma lango. Mgongoni alikuwa na kichanga. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Shikamoo, mzee wa kanisa."

Kisu kilisimama juu ya mwiko. Tangu azaliwe binti huyu hakuwahi kumwita vile.

"Marahaba. Kwani baba yako amekufa?"

"Sijui. Wewe ndiye uniambie."

"Keti kwanza, mama."

"Nimesimama vizuri. Nimezaliwa na fundi." Akamnyooshea karatasi kwa mkono mmoja, kama mtu anayempa mbwa mfupa. "Mimi na mume wangu tunahamia kanisa la ng'ambo ya reli. Wanataka barua ya uhamisho, na anayeiandika ni mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Bahati mbaya ni wewe."

Timazi aliijua karatasi ile. Alikuwa ameijazia watu wengi. Jina la msharika, mwaka wa ubatizo, mwaka wa ndoa, halafu mistari sita mitupu chini ya neno moja: Mwenendo.

"Bila barua hawatupokei," binti aliendelea, "na wasipotupokea hawambatizi huyu. Ubatizo ni Jumapili ijayo, si hii, ile nyingine. Barua iwafikie kabla. Itume kwao moja kwa moja. Sitaki kuipitia hapa."

"Na nikiandika kweli?"

"Umewahi kuandika nini kingine? Kweli yako watoto wa mtaani wanaiimba wakiruka kamba."

Kichanga kilijinyoosha mgongoni, na unyayo mmoja ukachomoza kwenye nguo. Ulikuwa mdogo kama kipande cha sabuni kilichokaribia kuisha. Timazi aliutazama mpaka binti alipogeuza mgongo upande wa pili.

"Anaitwa nani?"

"Atapewa jina siku ya ubatizo, mbele ya watu waliokuja kwa wema." Akafika langoni, akasimama. "Bawaba hii inalia. Ungeitia mafuta. Au unangoja Jumapili, uitangaze?"

Lango likafungwa.

Sasa jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mkwewe alikuwa mwashi kama yeye, na tena alikuwa mwanafunzi wake. Alimpokea akiwa kijana wa miaka kumi na sita, asiyejua hata mwiko unashikwa upande gani. Akamfundisha, akamleta kanisani, akampa binti. Kijana alipendwa na pombe, akaiacha, akakaa miaka saba bila kuigusa. Ndipo kanisa likamkabidhi kazi ya kujenga chumba cha mafundisho ya watoto, na ukuta wa mashariki ukapanda ukiwa umepinda.

Timazi aliuona Jumamosi. Jumapili, baada ya baraka, washarika walipotoka kwenda kutazama jengo, alipanda ngazi akiwa na suti yake nyeusi, akapigilia msumari juu ya ukuta, akateremsha uzi. Shaba ikazunguka, ikatulia. Juu uzi uligusa tofali. Chini, kati ya uzi na tofali, aliingiza vidole vitatu na kuvichezesha ili kila mtu aone.

"Ndugu zangu, msishangae," alisema kwa sauti aliyoizoea mimbarini. "Ukuta hulewa kama aliyeujenga."

Kicheko kilianzia kwa wanakwaya, kikasambaa. Mkwe alikuwa amesimama kando ya rundo la mchanga, mtoto wake mkubwa amemshika kidole. Binti, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshuka tayari kwa kujifungua, alimtazama baba yake kama anavyotazamwa mtu aliyejisahau mbele za watu akavua nguo. Timazi aliteremka ngazi akiwa na joto tamu kifuani, akapeana mikono na huyu na yule, akaisahau timazi yake ikining'inia.

Siku ya pili ukuta haukuwapo. Mtu alikuwa ameubomoa peke yake, akapanga matofali mazima upande mmoja na vipande upande mwingine. Timazi nayo haikuwapo.

Hiyo ndiyo hadithi kama alivyoisimulia mwenyewe kwa kila aliyeuliza. Kulikuwa na jambo la Alhamisi, siku tatu kabla ya Jumapili ile, lakini la Alhamisi hakulitia katika masimulizi.

Jumanne alikwenda kunyolewa. Kinyozi wa mtaa ule alikuwa na ulimi uliokata kuliko wembe wake, na siku hiyo benchi lilikuwa limejaa.

"Karibu, Timazi usiye na timazi," kinyozi alisema akikung'uta shuka. "Siku hizi unapimia nini kuta za watu?"

"Jicho langu linatosha."

"Jicho!" Kinyozi akawageukia waliokaa. "Mnasikia? Ndiyo maana hata mjukuu anampimia mbali. Ukisogea karibu jicho linakosea."

Benchi zima liliangua kicheko. Mmoja aliongeza kwamba mzee wa kanisa wa namna hii ukienda kumwungamia dhambi zako uchukue na spika kabisa, umpunguzie kazi ya kupiga kelele. Timazi alikaa na sabuni shingoni, akiangalia kwenye kioo uso wa mtu mwenye haki. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba mtu akichekwa mbele ya wenzake masikio ndiyo hutangulia kupata moto.

"Nyoa," alisema. "Mdomo wako utaukata ulimi."

"Nakunyoa, mzee wangu. Mimi angalau nikimkwangua mtu namlowesha kwanza."

Alirudi nyumbani nusu ya kidevu ikiwaka. Mkewe alikuwa jikoni. Wawili hao walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini na sita, na katika miezi hii miwili walizungumza kama karani na mteja. Mke alikwenda kwa binti kila Alhamisi na kurudi bila kusimulia lolote. Mume hakuuliza lolote, ila kila Alhamisi alikuwa na kazi ya kufanya karibu na lango.

Timazi alifuta meza, akachukua kalamu, akajaza karatasi ile. Kwenye mistari sita aliandika kwa herufi zake zilizosimama kama nguzo: "Mlevi wa zamani aliyerudia ulevi. Ameharibu kazi ya Bwana. Ameonywa hadharani, hakutubu, alibomoa ukuta na kuondoka. Mkimpokea, mwangalieni sana." Akaiacha mezani ikauke, maana alitaka isomwe.

Mkewe aliisoma akiwa amesimama, mikono ina maji, karatasi ameishika kwa ncha za vidole.

"Hii barua inakwenda kanisani au polisi?"

"Inakwenda inakotakiwa. Kuna neno la uongo hapo?"

"Hakuna. Hata nyoka anapouma haumi kwa uongo."

"Mke wangu, usinitukane."

"Sikutukani, nakuuliza. Miaka kumi na moja unafundisha darasa la ubatizo. Mtu akimwona mwenzake amejikwaa, afanye nini kwanza?"

Timazi alifunga kalamu. Kanuni ile aliijua kuliko jina lake, na mkewe alijua kwamba anaijua.

"Amwendee peke yake," mkewe alijijibu. "Akikataa, aende na mmoja au wawili. Akikataa tena, ndipo kanisa liambiwe. Wewe ulianzia la tatu, kama fundi anayepaka rangi kabla ya lipu."

"Mimi ndiye ninayewafundisha watu kanuni hiyo!"

"Sikuuliza nani anaifundisha." Akairudisha karatasi mezani, alama mbili za maji zikiwa zimebaki pembeni. "Na la Alhamisi umelisahau? Nilikuwa ndani, mzee. Ukuta wa chumba chetu ulijenga wa tofali moja. Nilisikia."

Akarudi jikoni, na masufuria yakaanza kusema yaliyobaki.

Ilikuwa Alhamisi tena, yapata saa nne asubuhi, mkwe alipokuja. Timazi alimwona dirishani akivuka ua akiwa na kifurushi cha gazeti. Moyo ulimruka. Akaukalisha chini, akavaa uso wake wa mzee wa kanisa.

Kijana aliingia bila kukaribishwa, akafunga mlango, kisha akafunga na dirisha.

"Unataka kuniua?" Timazi aliuliza.

"Ningetaka kukuua ningewaita watu waone. Hayo nilifundishwa na wewe." Alibaki amesimama. "Nimekuja peke yangu. Mke wangu hajui. Mama mkwe nimempita njiani, anakwenda kwetu kwa mtoto, nikamwambia nakwenda dukani. Hakuna masikio mengine humu. Nimekuja kukwambia kosa lako, mimi na wewe tu, kama ulivyonifundisha nikiwa darasa la ubatizo, benchi la mbele. Ukinifukuza nitakwenda, na hakuna atakayejua kwamba nilikuja."

"Wewe? Wewe mlevi uje kunionya mimi?"

"Mimi mlevi. Ndiyo."

Ilikuwa vigumu kugombana na mtu aliyekubali haraka hivyo. Timazi alikalia kigoda chake, kikacheza, akakikalia tena. Kijana aliificha mikono nyuma ya mgongo, pamoja na kifurushi.

"Alhamisi ile nilikuja hapa," mkwe alisema. Alisema polepole, akipanga neno juu ya neno. "Nilisimama papo hapa. Nilikwambia, baba, nimerudia, wiki ya pili sasa, ukuta wa mashariki nimeujenga na pombe kichwani, naona aibu, nisaidie. Ulinijibu nini?"

Timazi alitazama mwiko uliokuwa ukutani.

"Ulinijibu nini, baba?"

Lile neno la mwisho lilimpata kabla hajajikinga.

"Nilisema nitakusaidia."

"Ulisema, nenda kalale, nitakusaidia. Nililala. Siku kumi na nne nilikuwa silali, usiku ule nililala kama mtoto. Nilijua Jumatatu tutaubomoa pamoja, mimi na fundi wangu, kabla mtu hajauona." Sauti ilimpanda, akaishusha kwa nguvu kama mtu anayerudisha mfuniko kwenye chungu kinachochemka. "Siku yangu ya kwanza ya kazi nililigonga tofali kwa nyundo. Ukaninyang'anya nyundo. Ukasema, tofali likiyumba ligonge kwa mpini wa mwiko, mara mbili, taratibu, udongo ungali mbichi, litakaa. Ukingoja likauke utalivunja. Mimi nilikuja kwako udongo ungali mbichi."

"Ukuta ulikuwa umepinda," Timazi alisema. Alisikia mwenyewe jinsi neno hilo lilivyozeeka. "Ulikuwa wa kanisa. Ungewaangukia watoto. Kweli ilibidi isemwe."

"Kweli nilikuwa nimeshaisema mimi! Hukuwa na kweli yoyote ya kuongeza, ila kicheko. Nitakwambia ninavyoona, halafu nitaondoka. Watu walianza kuuona ukuta Jumamosi. Wakasema, huyu si mwanafunzi wa Timazi? Hukupanda ngazi ile ili uninyooshe mimi. Ulipanda ili watu wajue kwamba ukuta ule si wa mkono wako."

Nje mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo. Timazi alifungua kinywa ili aseme si kweli. Alikuwa na maneno matatu tayari, yote mazito. Lakini alikumbuka lile joto tamu kifuani alipoteremka ngazi, akajua kwamba lilikuwa joto la mtu aliyeponea chupuchupu, na maneno matatu yakamwacha.

"Mlango umefungwa?" aliuliza mwishowe.

"Umefungwa."

"Basi ni kweli."

Mkwe hakutikisa kichwa wala hakutabasamu. Alikifungua kifurushi, akaweka mezani, juu ya ile karatasi yenye alama za maji, timazi ya shaba. Ilikuwa imesuguliwa. Uzi ulikuwa mpya.

"Nilitaka kuitupa chooni," alisema. "Nilifika nayo hadi mlangoni."

"Kwa nini hukuitupa?"

"Haina kosa. Ilisema kweli, ikanyamaza. Wewe ndiye uliyeendelea."

Timazi aliishika. Shaba ilikuwa baridi. Mkwe aliona maandishi yaliyokuwa chini yake, akainama, akayasoma yote mpaka mwisho.

"Nimekuwa mbali na pombe siku sitini," alisema. "Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili ile, baada ya kicheko. Kila Jumamosi nakwenda kwa mzee mmoja wa kanisa la ng'ambo, fundi viatu. Ananiuliza, wiki hii vipi? Nikisema vibaya, ananipa kiti. Hivyo tu. Barua yako sikuombi uifanye tamu. Andika ya kwangu, nilikosa, nitabeba. Lakini ukiandika kweli iandike yote. Usichague."

"Na nikiandika yote, utanisamehe?"

Mkwe alikuwa ameshafungua mlango, na mwanga ulimwingia usoni, uso mgumu usio na karibu yoyote.

"Kusamehe nimeanza. Sijamaliza. Usinisukume."

Akavuka ua. Langoni alisimama, akatazama bawaba, akatoa kichupa kidogo cha mafuta mfukoni mwa suruali ya kazi, akaidondoshea matone mawili, akalisukuma lango mbele na nyuma mpaka likanyamaza. Kisha akaenda zake bila kugeuka. Timazi hakujua kama ule ulikuwa wema au tusi, na alihisi kwamba hata mwenye mafuta hakujua.

Alikaa na karatasi muda mrefu. Kisha aliichana ile aliyoiandika, akatoa nyingine kwenye kabati. Kwenye neno Mwenendo mistari sita haikumtosha. Aligeuza karatasi, akaendelea nyuma. Alifuta mara mbili tu, na mara zote mbili alifuta maneno ya kujitetea. Aliandika hivi:

"Ndugu wazee wa kanisa, msharika huyu ni mwashi na baba wa watoto watatu. Alikaa miaka saba bila pombe, akarudia kwa wiki mbili, na katika wiki hizo alijenga ukuta uliopinda vidole vitatu. Hakuna aliyemkamata. Alikuja mwenyewe kwangu, mzee wake, akaungama na kuomba msaada. Nilimwahidi msaada. Siku tatu baadaye nilimwaibisha mbele ya kanisa zima, kwa kuwa niliogopa kwamba kosa lake litahesabiwa kuwa langu. Aliubomoa ukuta peke yake. Leo alikuja kunionya, akafunga mlango kwanza. Katika sisi wawili, aliyeifuata kanuni ya kanisa ni yeye. Mpokeeni yeye na nyumba yake. Wasipokuwa na mtu wa kuwasimamia siku ya ubatizo, msiniite mimi mpaka wao waniite. Nakala ya barua hii nitaisoma hapa kwetu Jumapili, mahali pale pale nilipowachekesha watu."

Akatia sahihi jina lake lote, lile la kwenye cheti.

Mkewe alirudi na kukuta bahasha mezani ikiwa bado wazi. Aliisoma barua, mbele na nyuma. Hakusema mume wangu, hakusema umefanya vyema.

"Kidevu chako kimevimba," alisema. "Paka kitu."

"Nikirudi."

Alilamba gundi ya bahasha. Ilikuwa chungu, na kwa lile pengo la meno ilimpasa alambe mara mbili. Akaikunja, akaibana kwa kiganja, halafu akaweka juu yake ile shaba ili ishike. Alingoja mpaka akawa na hakika. Angeweza kuipeleka kwa miguu yake mpaka ng'ambo ya reli, lakini njia ile inapita mbele ya nyumba ya binti yake, na hakutaka aonekane kama mtu aliyekuja kudai malipo.

Basi akavaa kofia, akaenda posta, akanunua stempu, akaibandika ikiwa imenyooka. Mbele ya sanduku jekundu alisimama kidogo, mkono mmoja umeshika barua, mwingine mfukoni umeshika shaba. Akaisukuma bahasha kwenye mdomo wa sanduku, akaiachia, akasikiliza mpaka iliposikika imefika chini.